Wilamowitz alikuwa nani hasa, na nakala zinazopingana husomwaje?

*"Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu tenzi za zamani. Nyumbani kwetu kuna nakala mbili za utenzi mmoja, zote kwa hati za Kiarabu, na hazikubaliani katika mishororo mingi. Msimamizi wangu amenishauri nisome jinsi Wajerumani walivyohariri maandishi ya Kigiriki cha kale, akamtaja Ulrich von Wilamowitz-Moellendorff. Nilipomtafuta nilikuta habari moja ikirudiwarudiwa: kwamba ni yule mwanachuoni mkavu aliyemshambulia Nietzsche kwa wivu, na kwamba historia imempa Nietzsche ushindi. Kuna hata anayemhusisha na Wanazi. Je, mtu huyu anastahili miezi ya kumsoma? Alijuaje kwamba mshororo umekosewa wakati mtunzi amekufa zaidi ya miaka 2000 iliyopita? Na mimi nisiyejua Kigiriki wala Kijerumani nianzie wapi?"*

Ndugu msomaji, ninavyolielewa swali lako, unachohofia zaidi ni muda wako. Hutaki kutumia miezi mizima kumfuata mtu ambaye mwishowe atabainika kuwa alikosea tangu mwanzo. Hofu hiyo ni ya haki, nami nitaijibu waziwazi: Wilamowitz anastahili kusomwa, na anamfaa mhariri wa tenzi kuliko anavyowafaa wengi wanaomtaja kwa sababu ya Nietzsche tu. Hata hivyo, usimsome kama mtu asiyekosea, wala usidhani kwamba mbinu yake inaweza kuchukuliwa nzimanzima na kutumiwa kwa utenzi wa pwani yetu. Nitaanza na maisha yake, kwa kuwa habari ulizozikuta zinatokana na kuyajua maisha hayo vipande vipande, kisha nitaeleza jinsi kazi yenyewe inavyofanyika.

Alizaliwa tarehe 22 Desemba 1848 huko Markowitz, katika jimbo la Posen, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya Prussia na leo limo ndani ya Poland. Familia yake ilikuwa ya makabaila wenye mashamba, watu ambao watoto wao wa kiume walitarajiwa kuwa maofisa wa jeshi au watumishi wa dola, si walimu wa Kigiriki. Mwaka 1862 alipelekwa Schulpforta, shule ya bweni iliyokuwa katika majengo ya monasteri ya zamani karibu na Naumburg, ambako Kilatini na Kigiriki vilichukua sehemu kubwa ya ratiba. Nietzsche, ambaye baadaye alikuwa mwanafalsafa mashuhuri na aliyemzidi umri kwa miaka minne, alikuwa mwanafunzi wa shule hiyo hiyo hadi mwaka 1864. Mwaka 1867 Wilamowitz aliingia Chuo Kikuu cha Bonn, kisha akahamia Berlin, na huko akapata shahada ya uzamivu mwaka 1870 kwa tasnifu kuhusu ramsa za Kiyunani. Muda mfupi baadaye alijitolea kupigana katika vita vya Prussia na Ufaransa.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Mwanzoni mwa 1872 Nietzsche, ambaye alikuwa ameteuliwa kuwa profesa huko Basel akiwa na umri wa miaka 24 tu, alichapisha kitabu chake kuhusu kuzaliwa kwa tanzia. Alidai kwamba tanzia ya Kiyunani ilitokana na muziki na ulevi wa kiroho wa ibada ya Dionysos, mungu wa mvinyo, kwamba Euripides, mtunzi wa tanzia wa Athens, akiwa na roho ya Socrates nyuma yake, ndiye aliyeiua, na kwamba katika muziki wa Wagner ilikuwa inazaliwa upya. Kitabu hicho hakikuwa na tanbihi wala ushahidi wa kawaida wa kitaalamu. Mwezi Mei mwaka huo huo Wilamowitz, kijana wa miaka 23 asiye na cheo chochote, alitoa kijitabu kikali kilichoorodhesha makosa ya tarehe, ya usomaji wa vyanzo na ya uelewa wa Euripides, akamtaka Nietzsche ashuke kwenye kiti cha kufundishia taaluma na aende akawe nabii kama apendavyo. Wagner alimtetea Nietzsche gazetini, rafiki yake Erwin Rohde akaandika jibu refu, na Wilamowitz akarudi na sehemu ya pili mwaka 1873. Katika muhula wa baridi wa 1872 na 1873 Nietzsche alibaki na wanafunzi wawili tu darasani, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa wa filolojia, yaani taaluma ya kusoma na kuhariri maandishi ya kale.

Sababu ya wivu ni nyepesi mno kueleza jambo hili. Huko Bonn, miaka miwili kabla Wilamowitz hajafika, walimu wawili wakubwa, Otto Jahn na Friedrich Ritschl, waligombana vibaya. Ritschl akahamia Leipzig, na Nietzsche akamfuata. Wilamowitz alifundishwa na Jahn, akampenda, na Jahn akafariki mwaka 1869. Kitabu cha Nietzsche kina maneno ya dharau dhidi ya Jahn, aliyekuwa kaburini na hawezi kujitetea. Ongeza hapo kwamba kijana huyu aliamini kwa dhati kwamba asemaye jambo kuhusu watu wa kale anawajibika kuonyesha alikolipata, nawe utaona hasira yake ilikotoka. Katika kumbukumbu zake za mwaka 1928, uzeeni, alikiri kwamba kijitabu kile kilikuwa cha kitoto na kwamba hakupaswa kukichapisha.

Nani basi alishinda? Kwa maoni yangu swali lenyewe limewekwa vibaya. Kwa habari ya tarehe na vyanzo, Wilamowitz alikuwa sahihi mara nyingi zaidi. Kwa habari ya maswali makubwa, hasa lile la nguvu za giza na za wazimu katika dini ya Wayunani, Nietzsche aliona jambo ambalo wanafilolojia wa siku zake hawakutaka kulitazama, na vizazi vilivyofuata vililazimika kulirudia. Mtu anayekuambia kwamba mmoja alikuwa mwenye kipaji na mwingine karani tu hajasoma alichokifanya Wilamowitz katika miaka karibu 60 iliyofuata. Na lililo muhimu kwako ni kwamba aliendelea kumtetea Euripides, si kwa vijitabu tena, bali kwa kuyafuatilia maandishi yake hadi kwenye karatasi yalimoandikwa.

Baada ya safari za Italia na Ugiriki alichapisha mwaka 1875 uchunguzi wake kuhusu miswada ya Euripides, na mwaka 1876 akawa profesa Greifswald, chuo kidogo kando ya bahari ya Baltiki. Mwaka 1878 alimwoa Marie, binti mkubwa wa Theodor Mommsen, mwanahistoria mkuu wa Roma. Kutoka kwa mkwewe alijifunza kwamba maandishi ya kuchongwa kwenye mawe, sarafu, sheria na mashairi vyote ni mashahidi wa maisha yale yale, na kwamba anayekijua kimoja tu hakijui hata hicho. Mwaka 1883 alihamia Göttingen, na mwaka 1897 Berlin, alikofundisha hadi alipostaafu miaka ya mwanzo ya 1920. Aliandika kuhusu Homer, Sappho, Aeschylus, Pindar, Plato, siasa za Athens, mashairi ya zama za baada ya Aleksanda Mkuu, na mizani ya ushairi, na alipofariki tarehe 25 Septemba 1931 alikuwa bado anakamilisha kitabu kikubwa kuhusu imani ya Wayunani. Tafsiri zake za tanzia zilichezwa jukwaani mjini Berlin mwaka 1900. Haya si maisha ya mtu mkavu.

Nimefika kwenye swali lako la msingi: mtu hujuaje kwamba mshororo umekosewa?

Hatua ya kwanza si kuutazama mshororo bali kuwatazama mashahidi. Hatuna hata karatasi moja aliyoiandika Euripides kwa mkono wake. Tulicho nacho ni nakala za nakala, nyingi za zama za Bizanti (dola la Kirumi la mashariki), zilizoandikwa miaka 1,300 hadi 1,900 baada ya mtunzi. Watu wengi hudhani kwamba mhariri huchukua nakala zote, huhesabu ni ngapi zinasema hivi na ngapi zinasema vile, kisha hufuata wengi. Hilo ni kosa, na ndilo ninalokuomba uliepuke kuliko mengine yote. Nakala 10 zilizonakiliwa kutoka nakala moja ni shahidi mmoja aliyejirudia mara 10. Kwa hiyo kwanza lazima ujue nani alinakili kutoka kwa nani, na hilo hujulikana kwa makosa yao. Mwalimu anaposahihisha mtihani, majibu sahihi yanayofanana hayamwambii chochote, kwa sababu kila aliyesoma angeweza kuyapata; lakini wanafunzi wawili wakiwa na kosa moja la ajabu, ambalo hakuna mtu angelifikia kwa akili yake mwenyewe, mwalimu anajua kwamba mmoja alimchungulia mwenzake au wote wawili walimchungulia wa tatu. Nakala za zamani nazo hupangwa kiukoo kwa makosa ya namna hiyo. Njia hii ilikuwepo kabla ya Wilamowitz na kwa kawaida huhusishwa na jina la Karl Lachmann, mwanafilolojia Mjerumani.

Alichokiongeza Wilamowitz ni historia. Mwaka 1889 alichapisha tanzia ya Euripides iitwayo *Herakles* pamoja na ufafanuzi, na mbele yake akaweka utangulizi mrefu kuhusu tanzia ya Athens, ambamo alifuatilia safari ya matini kutoka jukwaani katika karne ya 5 kabla ya Kristo, hadi kwa wasomi wa maktaba ya Aleksandria, hadi mashuleni, hadi kwa makasisi na walimu wa Bizanti. Swali lake halikuwa tu ni nakala ipi iliyo bora. Aliuliza pia nani aliihitaji nakala hii, kwa nini alilipia kuandikwa kwake, na ni nini kilichoachwa kwa sababu hakuna aliyekihitaji. Tamthilia za Euripides zilizobaki kwa jina lake ni 19, karibu zote tanzia. Kati yake 10 zilisomwa shuleni na karibu zote zimekuja na maelezo ya kale pembeni mwa kurasa. Zile 9 nyingine zimekuja bila maelezo, na majina yake ya Kigiriki yote huanza kwa herufi zinazokaribiana katika alfabeti. Hilo linaonyesha kwamba ni mabaki ya toleo kamili lililopangwa kialfabeti, ambalo sehemu moja yake iliokoka kwa bahati. *Herakles* ni miongoni mwa hizo 9. Zile 10 zilichaguliwa na walimu. Hizi 9 hakuna aliyezichagua, na ndiyo maana zinatuonyesha Euripides jinsi alivyokuwa kabla ya mchujo wa shule.

Tamthilia hizo 9 zinategemea miswada miwili ambayo wataalamu huiita L na P. L iliandikwa mwanzoni mwa karne ya 14, imepitia mikononi mwa msomi wa Bizanti aitwaye Demetrius Triclinius, na leo iko Firenze, Italia. P imegawanyika, sehemu Vatikani na sehemu Firenze. Wilamowitz alishika kwamba L na P ni ndugu, yaani zote mbili zimetoka kwa mzazi mmoja aliyepotea, na kwa hiyo mhariri anapaswa kuzisikiliza zote. Wengine walidai kwamba katika tamthilia hizi P ni nakala tu ya L. Ubishi uliendelea kwa miaka mingi, hadi Günther Zuntz, Mjerumani aliyelazimika kuihama nchi yake wakati wa Hitler na akafundisha Manchester, alipoutazama upya mswada L wenyewe badala ya kutegemea picha. Katika mshororo wa 95 wa tanzia ya *Helen*, P ina alama ya kituo mahali ambapo haina maana yoyote. Mahali hapo hapo katika L pana kitu kinachofanana na alama hiyo. Kumbe hakikuwa wino: kilikuwa kipande kidogo cha unyasi kilichonasa ndani ya karatasi, na kilipoguswa kikabanduka. Mnakili wa P, akiwa na L mbele yake, aliuona unyasi huo akadhani ni kituo, akauandika. Zuntz alichapisha matokeo yake mwaka 1965, na tangu hapo ushahidi wa P katika tamthilia hizo 9 unatumika hasa pale ambapo Triclinius aliifuta au kuibadilisha L baada ya P kunakiliwa.

Nimekueleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinajibu pia swali lako kama Wilamowitz anafaa. Alikosea kuhusu L na P. Lakini aliyemsahihisha alitumia swali lake lile lile: nani alikuwa na karatasi gani mbele yake, na aliona nini. Kazi ambayo makosa yake yanaweza kugunduliwa kwa njia iliyoifundisha yenyewe si kazi ya kutupwa. Tena kina fundisho la vitendo: picha ya simu, hata iwe nzuri namna gani, isingekuonyesha kwamba ile nukta ni unyasi.

Hatua ya pili ndiyo ya kusahihisha, na inakuja baada ya ile ya kwanza kumalizika, si kabla. Ukishajua mashahidi wako wanasema nini, unauliza kama walichosema kingeweza kusemwa na mtunzi. Vipimo ni vinne: mizani, lahaja, mazoea ya mtunzi, na mwendo wa fikra katika kifungu. Mshororo wa mazungumzo katika tanzia una mpangilio maalumu wa silabi ndefu na fupi, na ukivunjika mahali ambapo mtunzi hauvunji kamwe, kuna jambo limetokea. Wewe unakijua kipimo hiki tayari, kwa sababu katika utenzi kipande kikizidi au kikipungukiwa na mizani 8 sikio lako linashtuka kabla ya akili. Baada ya kushtuka, mhariri hupendekeza neno ambalo lingeleta maana, lingetosha mizani, na ambalo mnakili angeweza kulipotosha kuwa hili tulilo nalo. Sharti hilo la tatu ndilo linalotenganisha sahihisho na ubunifu. Ikiwa huwezi kueleza kosa lilitokeaje, hujasahihisha, umetunga.

Unaweza kuuliza kama masahihisho ya namna hii huwahi kuthibitishwa. Katika maisha ya Wilamowitz ndipo mchanga wa Misri ulipoanza kutoa karatasi za mafunjo kwa wingi, nyingine za kale kuliko mswada wowote wa Bizanti kwa zaidi ya miaka 1,000. Mwaka 1891 ilichapishwa katiba ya Athens ya Aristotle, iliyokuwa imepotea, kutoka kwenye mafunjo ya British Museum, na ndani ya mwaka huo huo Wilamowitz na mwenzake Georg Kaibel walitoa toleo lao. Mwaka 1902 Wajerumani walichimbua huko Abusir karatasi ya karne ya 4 kabla ya Kristo yenye shairi la Timotheus kuhusu Waajemi, na Wilamowitz akaihariri mwaka 1903. Mafunjo kama hayo yalithibitisha baadhi ya makisio ya wahariri na kuyakana mengine mengi, na kila mhariri mwaminifu alijifunza unyenyekevu kutoka kwayo. Mwenyewe alisema jambo hili vizuri sana katika mhadhara aliotoa Oxford mwaka 1908. Alikumbusha kisa cha Odysseus kuzimu, ambako vivuli vya wafu haviwezi kusema mpaka vinywe damu, akasema kwamba sisi nasi huwapa watu wa kale damu ya mioyo yetu ili waseme. Kisha akaongeza kwamba kwa damu hiyo kitu fulani chetu huwaingia, kitu kigeni, ambacho lazima tukitoe kwa ajili ya ukweli.

Sasa makosa yake, kwa sababu umeyauliza. Hakuwa Mnazi: alikufa kabla Hitler hajashika madaraka mwaka 1933, na wanafunzi wake kadhaa walikuwa Wayahudi au waliooa wake wenye asili ya Kiyahudi, wakafukuzwa kazi au wakakimbia nchi. Felix Jacoby, Eduard Fraenkel, Paul Maas na Rudolf Pfeiffer walifika Oxford. Paul Friedländer aliwahi kufungwa katika kambi ya Sachsenhausen kabla ya kuhamia Marekani. Werner Jaeger, aliyerithi kiti chake Berlin, naye aliishia Marekani. Hata hivyo alikuwa mfuasi wa ufalme wa Prussia mwenye kiburi cha taifa lake. Oktoba 1914 alitia sahihi tamko la wasomi 93 lililokana ukatili wa jeshi la Ujerumani huko Ubelgiji, mambo ambayo hakuwa ameyachunguza kwa hata sehemu ndogo ya uangalifu aliodai kwa Nietzsche. Ninaliona hilo kuwa doa zito zaidi katika maisha yake kuliko kijitabu cha 1872. Mwezi huo huo mwanawe Tycho aliuawa vitani upande wa mashariki. Kitabu cha Tycho kuhusu ufundi wa Sophocles jukwaani kilitoka mwaka 1917, naye hakukiona.

Kitaalamu pia ana udhaifu, na mmoja unakugusa moja kwa moja. Aliisoma *Iliadi* kama jengo la tabaka, ambamo washairi mbalimbali wenye kalamu waliongeza na kuunganisha sehemu. Muda mfupi kabla Wilamowitz hajafa, Milman Parry, Mmarekani, alianza kuonyesha kwamba lugha ya Homer ni lugha ya washairi waliotunga kwa ulimi, kwa mafungu ya maneno yaliyopimwa tayari. Wilamowitz, aliyejua kila kitu kuhusu vitabu, hakuwa na zana za kutosha kwa ushairi unaoishi kinywani.

Hapo ndipo unapopaswa kuwa mwangalifu na nakala zako mbili. Mnakili wa Bizanti kwa kawaida alitaka kuhifadhi alichokiona. Mnakili wa tenzi mara nyingi alikuwa mshairi, aliujua utenzi kwa moyo, na aliandika akiusikia kichwani hata kama alikuwa na karatasi mbele yake. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyewanakilia wageni wa Ulaya tenzi nyingi, alikuwa yeye mwenyewe mtunzi. Kwa hiyo tofauti kati ya nakala zako zinaweza kuwa za aina mbili. Nyingine ni makosa ya macho: nukta za herufi zilizosahaulika, irabu zisizowekwa, ubeti ulioruka kwa sababu beti mbili zinaanza kwa neno moja. Hizo zisomee kwa njia ya Wajerumani bila wasiwasi. Nyingine ni matoleo mawili yaliyo mazima, kila moja na mizani na vina vyake, na hapo kutafuta asili moja ni kulazimisha. Zichapishe zote mbili, kwa safu mbili, na useme unachojua kuhusu kila moja. Paul Maas mwenyewe, aliyeandika kitabu kikavu na kikali kuliko vyote kuhusu njia hii, alikiri kwamba nakala zikishachanganyika hakuna dawa.

Njia hiyo ina thamani kwetu pia kwa upande mwingine. Mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, unaotaja Azania na bandari ya Rhapta, uliandikwa kwa Kigiriki, na umetufikia kwa kutegemea mswada mmoja wa karne ya 10 ulioko Heidelberg. Palipo na shahidi mmoja tu, kila neno kuhusu pwani yetu ya kale linategemea uaminifu wa mnakili mmoja na busara ya wahariri waliomsoma. Anayesoma historia yetu bila kujua hilo huchukua makisio ya wahariri kuwa maneno ya baharia.

Kuhusu pa kuanzia, huhitaji Kigiriki kwa tasnifu hii, na usijibebeshe mzigo huo sasa. Soma kwanza historia fupi ya filolojia aliyoiandika Wilamowitz mwaka 1921, ambayo ina tafsiri ya Kiingereza, kisha kitabu kidogo cha Maas cha 1927, ambacho nacho kimetafsiriwa. Ukimaliza tasnifu na hamu ikabaki, jifunze Kijerumani cha kusoma kwanza, kwa sababu kitakufaa pia kwa watafiti wa Kiswahili kama Carl Meinhof na Ernst Dammann. Goethe-Institut ina madarasa Dar es Salaam na Nairobi. Kigiriki hufundishwa katika vyuo vingi vya theolojia, ingawa ni kile cha Agano Jipya. Ni mlango mzuri, mradi uwe na mwalimu wa ana kwa ana katika miezi ya mwanzo, kwa kuwa makosa ya vitenzi yakishazoeleka ni kazi ngumu kuyaondoa.

Yapo mambo mawili ambayo jibu la kuandikwa haliwezi kukufanyia. La kwanza ni karatasi zenyewe. Usizibandike kwa gundi ya utepe, usizipige plastiki, usizinyooshe kwa pasi, na usianze kuzifungua kurasa zilizoshikana. Mwombe mtaalamu wa uhifadhi azione kwa macho yake. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na Nyaraka za Zanzibar nazo zina watu waliozoea kazi hiyo. Kuonyesha si kukabidhi, na wazee wa nyumba ndio wenye kauli juu ya mali yao. La pili ni sikio. Tafuta mzee anayeukariri utenzi huo, mwombe ruhusa, umrekodi kabla hujamwonyesha nakala yoyote, kwa sababu akishaona karatasi ataanza kuifuata. Yeye ni shahidi wa tatu, na huenda hakupitia kwenye nakala yoyote kati ya hizo mbili.

Ukishafanya hayo, chukua daftari na uandike kila tofauti kati ya nakala hizo mbili, ubeti kwa ubeti, hata zile zinazoonekana ndogo, bila kuamua ipi ni sahihi. Orodha hiyo ikikamilika mpelekee msimamizi wako pamoja na rekodi ya mzee, na kaeni pamoja mtafute makosa ambayo nakala zote mbili zinayo. Yakipatikana, mtajua kwamba zina mzazi mmoja, na hapo uhariri unaweza kuanza.